Nyumba Njema si Mlango

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya karibu: homa za watoto, maji ya kunywa, mgeni anayefika saa ya chakula bila taarifa. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya nyumba iliyo mbali sana, katika mji wa Bath, magharibi ya Uingereza. Ilijengwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya matajiri, na siku hizi ni hoteli. Labda utauliza: hoteli ya matajiri yatuhusu nini sisi tunaohesabu nauli ya daladala kabla ya kutoka nyumbani? Twakuomba usome hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Mwaka jana tulipata nafasi ya kumtembelea mwenzetu mmoja tuliyesoma naye chuo cha uuguzi. Aliondoka nchini miaka mingi iliyopita, na sasa ni muuguzi katika hospitali moja ya huko. Siku yake ya mapumziko alitupeleka Bath kwa treni. "Twende, dada," alisema, "nikakuonyeshe nyumba za aina ile ninayoijua kwa magoti yangu." Hatukuelewa maana yake. Tulicheka tu, tukadhani ni mzaha wa watu wanaoanza kuzeeka.

NYUMBA 30, USO MMOJA

Mtaa wenyewe unaitwa Royal Crescent, yaani mwezi mwandamo wa kifalme, kwa sababu nyumba zake zimepangwa kwa kujipinda kama mwezi mchanga. Ulijengwa kati ya mwaka 1767 na 1775. Aliyeuchora ni John Wood mdogo, aliyerithi kazi ya uchoraji wa majumba kutoka kwa baba yake, ambaye naye aliitwa John Wood. Zama zile Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George, kuanzia mwaka 1714 hadi 1830. Ndiyo maana nyumba za wakati huo hutajwa kuwa nyumba za enzi za akina George.

Tulipotokea mbele ya mtaa huo tulisimama kimya. Kuna uwanja mpana wa majani unaoshuka mteremko, na juu yake ukuta mmoja mrefu wa jiwe la chokaa lenye rangi ya asali, umejipinda tangu mwanzo hadi mwisho. Mbele yake zimesimama nguzo 114 za mtindo wa Kigiriki uitwao Ioniki, ambazo vichwa vyake vimeviringwa pande mbili mfano wa pembe za kondoo dume. Huoni kibaraza kilichochomoza wala ukuta wa jirani uliopakwa rangi nyingine. Ukitazama haraka utadhani ni jumba moja la mfalme. Kumbe ni nyumba 30 za watu mbalimbali, zimeshikana ubavu kwa ubavu.

Ajabu iko hapa: John Wood alichora uso tu. Mtu aliyetaka kujenga alichukua kipande cha uso huo, nacho hakuwa na ruhusa ya kukibadili. Nyuma yake alijenga nyumba aitakayo, kwa mchoraji na mafundi wake mwenyewe. Mmoja alitaka vyumba vichache vikubwa, mwingine vingi vidogo. Mmoja alipandisha nyumba yake juu zaidi, jirani akaitanua kuelekea bustanini. Kwa hiyo ukizunguka nyuma, mpangilio wote ule unakwisha. Utaona kuta zisizolingana, madirisha yaliyopishana, mabomba, na paa za kila kimo. Mbele ni gwaride, nyuma ni soko.

Hata uwanja wa majani una siri yake. Ukiwa juu karibu na nyumba, unaona majani yanayoendelea hadi chini bila uzio. Lakini katikati limechimbwa handaki lenye ukuta upande mmoja, nalo limekaa chini ya upeo wa macho. Mifugo iliyolisha upande wa chini haikuweza kupanda kuja kwenye milango, na bibi aliyekaa dirishani hakuona uzio wowote. Uzio ulikuwapo, ila ulifichwa.

Na wakazi walikuwa nani? Bath ina chemchemi za maji ya moto, yanayotoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 45 hivi. Wenye fedha walikuja kuoga na kuyanywa, wakiamini yataponya jongo, upele na maumivu ya viungo. Walikaa miezi kadhaa, wakacheza ngoma, wakatafutia binti zao wachumba, kisha wakarudi kwao. Nyumba nyingi za mji huo zilipangishwa kwa wageni wa msimu namna hiyo. Kwa hiyo nyumba hizi hazikuanza juzi kupokea wageni wanaolipa. Mwishoni mwa karne ya 18 hata Frederick, mwana wa mfalme George wa 3, alikaa katika mtaa huu, na hapo ndipo neno la kifalme lilipoongezwa kwenye jina lake.

Hatuna budi kusema jambo moja zaidi. Bristol, bandari iliyo jirani, ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za Uingereza katika biashara ya watumwa. Baadhi ya fedha zilizojenga na kupanga nyumba nzuri za Bath zilitoka katika biashara hiyo na katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi. Sukari iliyokorogwa katika vikombe vile vya chai ilikuwa imevunwa na Waafrika waliofungwa minyororo. Jiwe lina rangi ya asali, lakini si utamu wote uliopatikana kwa haki.

MADIRISHA YANASEMA

Mwenzetu alitufundisha kuisoma nyumba ya namna hii kwa kutazama madirisha yake, kama sisi wauguzi tunavyomsoma mgonjwa kwa kutazama macho na kucha. Hebu tuanzie chini.

Chini kabisa, mbele ya kila nyumba, kuna shimo jembamba lililozungushiwa vyuma. Ukichungulia utaona dirisha na mlango mdogo. Hapo palikuwa jikoni na mahali pa kufulia. Makaa ya mawe yalihifadhiwa katika stoo zilizochimbwa chini ya njia ya wapita kwa miguu, ili gunia lisipite mbele ya wageni. Ghorofa ya usawa wa barabara ndipo penye mlango mkuu, na chumba cha kulia chakula. Ghorofa inayofuata ina madirisha marefu kuliko yote. Hapo ndipo penye sebule kubwa ya wageni, juu ya vumbi la barabarani, mahali penye mwanga na mandhari. Juu yake madirisha yanapungua kimo, kwa kuwa ni vyumba vya kulala vya wenye nyumba. Juu kabisa, nyuma ya ukingo wa mawe unaoficha paa, kuna vidirisha vidogo vya darini vinavyochungulia kama watoto nyuma ya kanga ya mama. Huko walilala watumishi, baridi ikipenya wakati wa baridi na joto likiwakaanga wakati wa joto.

Basi ukipima urefu wa dirisha, umepima heshima ya aliyekaa nyuma yake.

Madirisha yenyewe hayafunguki kwa bawaba. Ni vipande viwili vinavyopanda na kushuka, kimoja mbele ya kingine, vikisaidiwa na kamba na mizani ya chuma iliyofichwa ndani ya fremu. Hufunguliwa juu na chini kwa wakati mmoja, hewa chafu ikatokea juu na hewa safi ikaingilia chini. Sisi wauguzi tungependa kila wodi iwe na dirisha la namna hiyo. Lakini serikali ya zama zile ilitoza kodi ya madirisha, tangu mwaka 1696 hadi ilipofutwa mwaka 1851. Kila uwazi ulihesabiwa, hivyo baadhi ya watu waliziba madirisha yao kwa matofali ili wapunguziwe kodi. Unaweza kukisia ni vyumba vya nani vilivyotangulia kuwekwa gizani.

NGAZI MBILI

Nyumba namba 1 ya mtaa huo ni makumbusho. Ilikarabatiwa ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1970, na mwaka 2013 iliunganishwa tena na jengo lake la pembeni lililokuwa la watumishi. Tulilipa kiingilio tukaingia.

Mlango mkuu unafunguka kwenye ukumbi, na mbele yako ngazi inapanda. Katika nyumba nyingi za enzi hizo ngazi kuu ni ya mawe, na kila jiwe limechomekwa ukutani upande mmoja tu. Upande wa pili linaning'inia, likipumzika kidogo juu ya jiwe la chini yake. Ukiitazama utadhani inaelea. Dirisha la paani humwaga mwanga katikati yake. Ilichorwa hivyo kusudi mwanamke mwenye gauni pana ashuke taratibu na kila mtu amwone.

Lakini iko ngazi ya pili. Ni nyembamba, imejificha nyuma ya ukuta, nayo ilichorwa kusudi anayepita asionwe kabisa. Tuliitazama hiyo kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Nyumba haikuwa na bomba ghorofani. Maji ya kunawa, maji ya kuoga, makaa ya mawe kwa ajili ya meko ya ukutani katika kila chumba, chai, chakula, vyote vilipandishwa kwa mikono. Na vilivyopanda vilishuka kwa sura nyingine: majivu, maji machafu, mabaki ya chakula, na vyungu vya haja vilivyokaa chini ya kila kitanda. Aliyewahi kupeleka chombo cha choo wodini alfajiri, huku akitabasamu ili mgonjwa asione haya, ataelewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Jikoni zama zile hata mbwa hawakupona. Nyumba nyingine zilikuwa na gurudumu ukutani, mbwa mdogo akiwekwa ndani akimbie ili mshikaki mkubwa wa nyama uzunguke mbele ya moto. Tulimcheka mbwa huyo, kisha tukanyamaza. Baadhi yetu tumewahi kukimbia katika gurudumu hilo, nyama tukiisikia kwa harufu tu.

JUMBA LINAPOGEUKA HOTELI

Tulipotoka makumbusho mwenzetu alisema, "Sasa twende tukanywe chai. Leo naingia kwa mlango wa mbele." Akatuongoza hadi katikati ya mtaa, kwenye nyumba namba 15 na 16. Hiyo ndiyo hoteli. Namba 16 ilikuwa nyumba ya wageni tangu mwaka 1950, na mwaka 1971 iliunganishwa na namba 15. Ukipita haraka unaweza kuikosa, maana haijipambi kwa bango kubwa wala taa za rangi. Hiyo ndiyo sheria ya uso mmoja: jengo hili liko katika daraja la juu kabisa la majengo yanayohifadhiwa nchini humo, na mwenyewe hawezi kubadili dirisha wala kugongomea kibao bila ruhusa.

Tuliketi, chai ikaja. Mwenzetu hakutazama keki. Alitazama dari, kuta na sakafu, kisha akaanza kutueleza kwa sauti ya chini jinsi nyumba ya namna hii inavyogeuzwa hoteli. Tulishangaa, maana alijua mambo ambayo muuguzi hana sababu ya kuyajua.

Tatizo la kwanza, alisema, ni bafu. Mgeni wa leo anataka bafu lake, na nyumba ilijengwa bila hata moja. Ukikata kona ya chumba kikubwa ukajenga ukuta wa bafu, umeharibu urembo wa plasta unaozunguka dari, ambao mafundi wa kale waliuchora kwa vipimo vya chumba kizima. Kwa hiyo wanatafuta vijichumba vilivyokuwa vya kuvalia nguo, wanaweka mabafu humo. Ndiyo maana katika hoteli za namna hii chumba kikubwa mara nyingine kina bafu dogo, na chumba kidogo kikawa na bafu la ajabu.

La pili ni mabomba. Nguzo zilizo nje hazikubali bomba, basi kila kitu kinapita nyuma, au chini ya mbao za sakafu, au ndani ya dohani za zamani ambazo hazitoi moshi tena. La tatu ni moto. Ngazi nzuri iliyo wazi kuanzia chini hadi paani ni bomba kubwa la moshi nyumba ikishika moto. Kwa hiyo milango mizito inayojifunga yenyewe imewekwa kila ghorofa, na mhudumu mwenye shuka mikononi huisukuma kwa mgongo siku nzima.

La nne ni kuunganisha nyumba mbili. Kwa kuwa kila mwenye nyumba alijenga atakavyo nyuma ya uso ule mmoja, sakafu hazikutani. Unavunja ukuta ulio katikati, unakuta upande wa pili uko juu kwa kiasi cha goti. Hapo unaweka vidaraja viwili au vitatu. Mgeni anavipanda mara moja akienda kulala, anasema, "Nyumba ya kale inapendeza kweli!" Anayevuta toroli la taulo anavikuta mara 40 kwa siku.

Na la mwisho ni lifti. Ikiwekwa, hukaa nyuma, na mara nyingi haifiki darini, kwa kuwa paa limeteremka. Vyumba vya darini vilivyokuwa vya watumishi sasa vinalaza wageni, na ngazi ya kuvifikia ni ile ile nyembamba ya zamani.

Tukamwuliza, "Wewe umeyajulia wapi haya yote?"

PICHA YA MLANGONI

Akaweka kikombe chini. Alituambia kwamba alipofika Uingereza, vyeti vyake vya uuguzi havikukubaliwa mara moja. Alitakiwa kusoma tena na kufanya mitihani, na wakati huo watoto wake watatu walikuwa nyumbani kwa mama yake wakisubiri karo. Basi alichukua kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya mji mwingine. Nayo ilikuwa nyumba ya enzi za akina George, tena nyumba tatu zilizounganishwa. Alifanya kazi humo miaka 3. Vyumba vyake vilikuwa 14, na vitano kati ya hivyo vilikuwa darini.

Hapo tulikumbuka picha. Ndugu zetu, picha ile sote tuliiona! Aliituma wiki ya kwanza. Amesimama kwenye mlango mweusi unaong'aa, wenye kidirisha cha nusu duara juu yake na nguzo mbili pembeni, naye amevaa koti zuri. Nyuma ya picha aliandika, "Hapa ndipo nilipo." Mama yake aliitia kwenye fremu akaitundika ukutani, na kila mgeni alionyeshwa. Tulisema mwenzetu amefika. Tulisema anaishi katika jumba.

"Sikudanganya," alituambia. "Ndipo nilipokuwa. Lakini mlango ule niliusimamia siku ile moja tu, Jumapili asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala. Baada ya hapo sikuupita tena kwa miaka 3. Sisi tulishuka kwenye lile shimo lenye vyuma, tukaingilia mlango wa chini."

Alituambia jinsi goti lake la kulia lilivyoanza kuvimba mwaka wa pili. Alijua vizuri ni nini, maana alikuwa amewafundisha wagonjwa wengi kupumzisha viungo. Lakini chumba kisichosafishwa hakikulipwa. Na barua zilikuwa zinafika. Shemeji anataka baiskeli. Binamu anataka ada. Mumewe, ambaye sasa wamepatana vizuri, wakati ule alimwandikia kwa ukali kwamba mtu anayeishi katika jumba hawezi kukosa fedha ya kumalizia nyumba.

Kisha akanyamaza kidogo, akatutazama. Nasi tulijua analotaka kusema kabla hajalisema, kwa kuwa barua moja ilikuwa ya kwetu.

Wakati ule tulikuwa katibu wa kamati ya akina mama kanisani. Tulikuwa tunajenga jiko la ushirika, na kuta zimekwisha lakini mabati hayapo. Mtu mmoja kwenye kikao alisema, "Tumwandikie yule aliye kwenye jumba." Tukaandika, tena kwa kalamu yetu wenyewe. Tulimsifu, tukamkumbusha baraka alizopewa, tukataja idadi ya mabati. Fedha zilikuja baada ya miezi miwili. Tulipiga makofi, tukamwandikia asante, na jambo likaisha.

"Miezi miwili ile niliomba kufanya na siku za mapumziko," alisema. "Dari tu. Ndipo goti lilipoharibika." Halafu akacheka, bila uchungu, akatupiga begani. "Usilie hapa, dada, watatuondoa! Hamkujua. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza. Wote mlisifu mlango. Hakuna aliyeuliza nyumba ina ngazi ngapi."

Mabati yale yapo hadi leo. Kila Jumapili tunapika chai chini yake.

Tulipoinuka kuondoka, mwenzetu alikusanya vikombe vyetu, akavipanga juu ya sinia, akakunja vitambaa na kufuta makombo kwa kiganja. Binti aliyetuhudumia alikuja mbio akisema, "Hapana mama, acha, ni kazi yangu." Naye akamjibu, "Najua, mwanangu. Ndiyo maana."

TUANZE NA JIKO

Wasomaji wapendwa, tumefikiri sana juu ya siku ile. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulikuwa tunaijua methali hiyo tangu utoto, lakini tuliona mlango katika picha tukatosheka.

Kwanza, tuwaulize ndugu zetu walio mbali, iwe ng'ambo au mjini, swali la ngazi. Kabla ya kuandika, "Tunaomba," tuandike, "Je, unalala saa ngapi? Kazi yako ni ya kusimama au ya kukaa? Miguu yako haijambo?" Aliye na uwezo atatoa hata baada ya kuulizwa hayo. Asiye nao atapumua. Na nyinyi mlio mbali, msione aibu kutuma pia picha ya mlango wa nyuma. Mama zenu walizaa na kulea na kubeba maji, hawatashindwa kuielewa.

Pili, tutazame nyumba zetu wenyewe. Ni rahisi kuwalaumu matajiri wa Bath kwa sababu waliwaficha watumishi chini ya ardhi na darini. Lakini tunapojenga sisi, tunaanza na nini? Tunaanza na sebule. Tunapanga makochi, vitambaa, kabati la vyombo ambavyo watoto hawaruhusiwi kugusa. Jiko linapewa kona iliyobaki, bila dirisha, au lenye kidirisha cha kupitisha mkono tu. Humo mama anakaa saa nyingi kwa siku na mtoto mgongoni, wakivuta moshi wa mkaa. Zahanati tunawapokea watoto hao wakikohoa, tunatoa dawa, nao wanarudi kwenye moshi ule ule. Moshi wa jikoni unadhuru mapafu ya mama na ya mtoto. Tena jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa lina hewa yenye sumu inayoweza kuua watu usingizini. Kama una fedha ya dirisha moja tu kubwa, usiliweke sebuleni, liweke jikoni, na matundu mengine juu karibu na paa, ili moshi utoke. Mgeni hatalisifu. Mapafu ya mwanao yatalisifu.

Na yule binti anayekusaidia kazi, analala wapi? Je, chumba chake kina hewa, au analala stoo kati ya magunia? Anapandisha ndoo ngapi kwa siku, na nani amemwuliza habari za magoti yake?

Tatu, si kila uso ni mbaya. Hatusemi tuwapokee wageni kwenye uchafu, wala tuanike shida zetu zote barazani. Zile nyumba 30 zinapendeza kwa sababu majirani wote walikubali sheria moja kwa ajili ya uzuri wa wote. Ndoa nayo ina uso ambao mume na mke huulinda pamoja mbele ya watu. Lakini katika miaka ya 1970 mama mmoja wa nyumba namba 22 alipaka mlango wake rangi ya njano, badala ya nyeupe. Halmashauri ilimwamuru aurudishe ulivyokuwa. Alikataa, shauri likaenda mbele, akashinda. Mtaa haukuanguka. Tulipita mbele ya mlango huo siku ile tukatabasamu. Pengine familia nyingi zingepona kama mmoja wetu angethubutu kusema, kwa upole, "Ndani ya nyumba yangu mambo si kama yanavyoonekana. Nisaidieni."

Tulirudi kituoni kwa kushuka mteremko. Mwenzetu alishuka upande upande, mkono mmoja ukishika ukuta, kama wanavyofanya watu wenye goti bovu. Tumemfahamu tangu tukiwa wasichana wa miaka 20, na siku ile ndiyo ya kwanza kumpa mkono wetu aushike. Aliushika hadi kwenye treni.

Mpendwa msomaji, jioni hii, kabla hujafagia sebule, ingia jikoni kwako, simama katikati, na uvute pumzi. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema na amani nyumbani, mbele na nyuma.